Mgomba Upi?

Nilikuwa na miaka tisa hivi nilipomuuliza bibi yangu swali ambalo mpaka leo sijalimaliza. Tulikuwa kibanjani, shamba letu la migomba, nyuma ya jiko, yeye akikata majani makavu ya migomba na mimi nikiyakusanya. Nikaukumbatia mgomba mmoja wenye mkungu mzito, uliokuwa umeegemezewa nguzo, nikasema, "Bibi, mgomba huu una miaka mingapi?" Akaacha kazi, akanitazama, akautazama mgomba, akasema, "Upi?"

Nikadhani hakuona. Nikaupiga kofi. Bibi akacheka. "Huo ulioupiga kofi haujatimiza hata miaka miwili, na kabla ya Krismasi tutaukata. Lakini mgomba wa hapa nilionyeshwa na mama mkwe siku nilipoletwa katika nyumba hii. Na yeye aliukuta."

Mazungumzo ya leo yote yanatoka kwenye neno lile la bibi: upi?

Tuanze na panga. Ukilikata shina la mgomba ukalitazama kwa utulivu, utaona kwamba hujakata mti. Hakuna ubao humo, hakuna kiini kigumu. Kuna magamba yaliyokumbatiana, duara ndani ya duara, na kila gamba ni mguu wa jani moja lililoko juu. Kile tunachokiita shina ni majani yaliyosimama kwa kushikana. Shina la kweli limejificha udongoni, ni lile tunguu nene lenye mizizi kama kamba. Kwa nasaba mgomba uko karibu na tangawizi, iliki na manjano kuliko ulivyo karibu na mwembe au mnazi.

Katikati ya tunguu kuna nukta laini, ndogo kiasi kwamba ukiipasua kwa jembe hutajua umepasua nini. Nukta hiyo ndiyo hutengeneza majani, moja baada ya jingine, hata yafike 30 au 40. Kisha siku moja, bila sisi tulioko juu kuona chochote, huacha majani na kuanza kutengeneza ua. Ua hilo hupanda ndani ya shina, gizani, polepole, mpaka litokeze kileleni na kuinamisha kichwa. Hapo safari ya shina lile imefika mwisho, kwa sababu nukta iliyokuwa ikilikuza ndiyo hiyo iliyokwenda kuzaa. Shina moja, mkungu mmoja, basi. Ukilipa mbolea, ukalipa maji, ukalibembeleza, halitazaa mara ya pili.

Lakini pembeni mwa tunguu kuna macho, kama yale ya muwa na ya kiazi. Jicho likifunguka linatoa chipukizi. Chipukizi linajitengenezea tunguu lake, lakini halijakatika na la mama. Chini kule bado wameshikana, maji yanapita, chakula kinapita. Mama anapokufa, mtoto tayari ana urefu wa mtu, na ubavuni mwa mtoto kuna mjukuu. Wakulima wetu na mabwana shamba wanatumia maneno hayohayo, mama, mtoto na mjukuu, na ndiyo hesabu ya mashina yanayofaa kuachwa mahali pamoja. Yakizidi, yote yanakonda.

Kwa hiyo bibi alikuwa sahihi kuniuliza upi. Wanabotania nao hulazimika kutenganisha vitu viwili hivi. Kuna shina moja moja linalozaliwa, likazaa, likafa. Na kuna ukoo mzima uliotokana na mwanzo mmoja, ambao mashina hayo ni viungo vyake. Shina lina umri wa mtoto anyonyaye. Ukoo unaweza kuwa na umri wa nyumba, wa kijiji, na hata zaidi ya hapo. Nchini mwetu Tanzania, ukanda wa Bukoba na Muleba mkoani Kagera, viko vibanja vilivyozaa mfululizo kwa zaidi ya miaka 50 bila mtu kung'oa na kupanda upya, kwa sababu tu wenyewe walijua kuchagua chipukizi, kutandaza nyasi na kurudisha samadi.

Na hapo kwenye kuchagua chipukizi naomba nisimame kidogo, maana ndipo watu wengi wanapodanganywa na macho yao. Machipukizi yako ya namna mbili. Kuna lile lenye majani membamba, yaliyochongoka kama upanga, na chini limenenepa. Kuna jingine ambalo lingali dogo lakini tayari lina majani mapana, mazuri, ya kijani kilichokolea. Mgeni wa migomba atachukua hilo la pili, na atajuta. Lile la majani ya upanga halina haraka ya kufungua majani kwa kuwa limeshikana vizuri na mama, naye analilisha. Lile lenye majani mapana limeshikana na mama kwa uzi dhaifu, kwa hiyo limelazimika kujitafutia chakula juani lingali changa. Upana wa majani yale ni dalili ya njaa. Bibi alikuwa akiyafyeka hayo bila kuyatazama mara mbili.

Alikuwa na desturi nyingine niliyoielewa ukubwani. Akishavuna mkungu, hakulikata shina la mama mpaka ardhini. Aliliacha limesimama, limekatwa kichwa, likinyauka kidogokidogo. Nilipomuuliza alisema linanyonyesha. Na ni kweli: maji na virutubisho vilivyobaki katika yale magamba hurudi chini na kupita kwa mtoto. Mama yule pia, akiwa hai na mwenye nguvu, huwazuia watoto wasikue kwa fujo. Ukimkata, wao huinuka kwa kasi ambayo utaiona ndani ya wiki chache.

Msikilizaji, mgomba hauko peke yake katika maisha ya namna hii. Ukoka na sangari, majani yanayowatesa wakulima wa mahindi, nayo ni ukoo chini ya ardhi, ila tabia ni tofauti. Mgomba husimama kama watu wa familia moja waliokusanyika ukumbini. Sangari hutembea. Hutuma kijiti chini ya udongo hatua moja mbele, hutoa majani, hutuma tena, na ukipiga jembe ukakikata vipande vitano umepanda sangari tano. Huko Utah, Marekani, kuna msitu wa miti iliyosimama kwenye hekta zipatazo 43, mashina kama 47,000, na mizizi yote ni ya mti mmoja. Wataalamu waliuita Pando, neno la Kilatini lenye maana ya kutandaa. Sikio la Mswahili linasikia jambo jingine katika jina hilo, na silo jambo la mbali.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliingiza mkonge Afrika Mashariki. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, kupitia Ulaya, na miche mingi ikafa. Iliyofika hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge nao huishi kama mgomba: hukaa miaka mingi ukitoa majani, kisha husimamisha mlingoti mrefu, huchanua mara moja, na hufa. Mbegu hutoa kwa nadra sana. Badala yake, pale maua yalipodondoka huota vimiche vidogo, mamia kwa mamia, vikiwa tayari na majani, vikasubiri kuanguka. Pembeni, chini, kuna machipukizi. Kwa njia hizo mbili ile miche 62 ikawa mashamba yaliyotoka Tanga hadi Morogoro na Kilimanjaro, na Kenya pia. Reli, bandari, makambi ya wafanyakazi waliotoka nchi nzima na nje yake, mji wa Korogwe kama tunavyoujua, fedha za kigeni za nchi changa iliyopata uhuru: vyote hivyo viliegemea miche isiyojaza mkokoteni mmoja, iliyorudiwarudiwa.

Turudi kwenye migomba, maana huko ndiko kuna jambo ninalotaka kulisema waziwazi.

Ndizi ya mwitu, ile ya misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ina mbegu. Ni nyeusi, ngumu kama changarawe, zimejaa tunda zima. Ndizi yetu haina. Ukiikata utaona vidoa vidogo vyeusi katikati, na hayo ndiyo makaburi ya mbegu. Sababu iko ndani ya chembe zake. Mgomba wa mwitu una seti mbili za kromosomu, 11 kutoka kwa kila mzazi. Migomba ya matoke ya ukanda wa Maziwa Makuu ina seti tatu, jumla 33. Wakati wa kutengeneza mbegu kromosomu hutakiwa kugawana mbilimbili, na tatu hazigawanyiki kwa mbili. Mambo yanavurugika, mbegu haitungi, lakini tunda linanenepa vilevile. Watu wa kale waliona tunda lisilo na changarawe wakalipenda, wakachukua chipukizi lake. Hivyo ndivyo lilivyovuka bahari na kupanda mpaka milimani kwetu, mkononi mwa mtu, tunguu kwa tunguu. Mgomba wa namna hii hauna namna nyingine ya kusafiri. Ndege hawezi kuubeba, upepo hauwezi, maji ya mto hayafiki nao mbali. Popote unapouona, jua kuna mtu aliinama akachimba, na mtu mwingine akapokea.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza jeni za migomba ya matoke kutoka nchi za Maziwa Makuu, na waliyoyakuta yalinifanya nimkumbuke bibi. Migomba ile ina majina kwa makumi. Kuna ya kupika, kuna ya pombe, kuna yenye shina jeusi, kuna yenye mikungu inayoning'inia na yenye mikungu iliyokaza. Mkulima mzoefu huitofautisha kwa kuitazama tu. Lakini kijeni inafanana mno, na jibu lao ni kwamba yote imetokana na mzazi mmoja, aliyeenezwa kwa machipukizi. Tofauti tunazoziona zilianza kama mabadiliko madogo katika mwili, chipukizi moja likatoka tofauti kidogo na mama yake, mtu mwenye jicho kali akaliona, akalitenga, akalipa jina. Kutoka Bukoba hadi Mbarara, kutoka Gitega hadi Bukavu, ni ukoo mmoja uliosimama kwenye vilima elfu.

Inapendeza kusikia. Kwangu mimi inatisha pia. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na kwa binadamu methali hiyo tunaweza kuibishia, kwa sababu kila mtoto wetu ni mchanganyiko mpya. Kwa mgomba haina ubishi. Chipukizi halizaliwi upya. Ni mwili uleule unaoendelea. Na mwili unaoendelea hubeba madeni yake: fukusi waliotoboa tunguu la mama, minyoo iliyoingia mizizini, bakteria walioko majini mwake. Mbegu huchuja mengi ya hayo. Chipukizi huyabeba karibu yote.

Deni moja kubwa kati ya hayo, ugonjwa wa mnyauko wa bakteria, lilionekana kwanza Ethiopia, kwenye mmea ulio ndugu wa mgomba, na huko ugonjwa ulifahamika tangu miaka ya 1960. Mwaka 2001 ukathibitishwa Uganda. Mwaka 2006 ukafika Kagera. Majani yanageuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, hapa moja pale moja, na ukizipasua ndani zina kutu. Ukikata shina, baada ya muda mfupi hutoka ute wa njano. Wadudu huubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi la mwingine. Panga hubeba. Na chipukizi la zawadi hubeba.

Nalisema hili kwa sababu lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilipata kipande cha ardhi, nikapokea machipukizi 20 kwa mtu aliyenitakia mema kabisa. Yalikuwa ya upanga, manene, mazuri. Sikuyachubua, sikuuliza shamba lake lina hali gani, niliona kuuliza ni utovu wa adabu. Yaliota vizuri. Yalinyauka yakiwa na mikungu, moja, matatu, kisha yote. Ni lazima uelewe kwamba chipukizi linaweza kukaa na bakteria miezi mingi bila kuonyesha dalili yoyote. Yule aliyenipa hakunidanganya. Naye hakujua.

Mwanzoni tuliambiwa: ukiona shina moja limeugua, ng'oa ukoo mzima, mama, mtoto na mjukuu, choma au fukia. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na wengi hawakuifanya. Mjane mwenye migomba 40 ukimwambia ang'oe yote, unamwambia alale njaa miezi 18. Ndipo utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo ukaja na habari njema. Ilibainika kwamba bakteria hawasambai sawasawa katika ukoo wote. Mama na mtoto wameshikana, ndiyo, lakini si kila kinachoingia kwa mmoja hufika kwa mwenzake. Shina moja linaweza kufa, na la jirani yake, tunguu kwa tunguu, likazaa mkungu mzima. Kwa hiyo kata lililougua peke yake, usawa wa ardhi, mara tu unapoliona, na urudie kulikagua shamba kila wiki bila kuchoka. Panga lipitishe motoni kabla ya kwenda shina jingine. Na ua dume liondoe mapema, mara chane ya mwisho ikishatokea, kwa kijiti chenye panda na siyo kwa kisu. Mambo hayo yakifanywa pamoja, na kijiji kizima, shamba hupona. Likifanywa moja na kuachwa jingine, hakuna kitu.

Sasa nasema ninaloliamini. Desturi ya kupeana machipukizi bila malipo ni nzuri kuliko nyingi tulizonazo, na sitaki ife. Ndiyo iliyovusha bahari chakula chetu. Lakini kutoa chipukizi ni kutoa kiungo cha mwili, na adabu yake lazima iongezeke. Shamba lenye mnyauko, hata likiwa na chipukizi zuri namna gani, lisitoe kitu. Pale ambapo tatizo ni fukusi na minyoo tu, lichubue tunguu mpaka libaki jeupe, ulitumbukize katika maji yanayochemka kwa sekunde 30, uhesabu polepole, ulitoe. Maji hayo hayaui bakteria wa mnyauko, tusichanganye mambo. Na kuuliza "shamba lako lina hali gani?" liwe swali la heshima, kama tunavyoulizana habari za nyumbani. Serikali nayo, na mashirika yanayotuletea semina juu ya semina, yaweke fedha kwenye vitalu vya miche safi karibu na watu. Mche wa maabara unaouzwa mjini kwa bei ya kilo kadhaa za mchele hauwezi kumfikia yule mjane.

Kuna kazi nyingine inayofanyika taratibu, nayo inahitaji subira ya ajabu. Baadhi ya migomba ya matoke, ingawa haina mbegu, ukiipaka chavua ya mgomba wa mwitu alfajiri, ua baada ya ua, mkungu baada ya mkungu, huweza kutoa mbegu moja mbili. Mbegu hiyo ni dhaifu kiasi kwamba haioti udongoni. Hupasuliwa maabara, kiini chake kikalelewa ndani ya chupa. Watafiti wa Uganda na wenzao wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki wamefanya hivyo kwa miaka mingi, na mahuluti yao yalijaribiwa pia katika kituo cha Maruku, Bukoba. Mwaka 2021 aina nne zikaidhinishwa hapa kwetu kwa jina la TARIBAN. Nimeonja moja. Siyo ile ya bibi, lakini ni laini, na majani yake yanastahimili madoa meusi yanayoichosha migomba ya zamani. Watafiti hawa wanarudisha kitu ambacho ukoo ule ulikipoteza zamani sana: kuzaa kwa wazazi wawili.

Bibi alifariki mwaka ambao mvua za vuli zilichelewa. Juni iliyopita nilikwenda kibanjani na mjomba akanipeleka nyuma ya jiko. Mahali nilipoukumbatia mgomba hapana kitu, ni nyasi za kutandazia zilizooza vizuri. Kila kizazi bibi alikuwa akiacha chipukizi la upande wa juu wa mteremko, kamwe si la chini, ili ukoo usiteremke ukagusana na mwingine. Kwa hiyo umetembea. Nilipima kwa hatua kutoka ukuta wa jiko: ulikuwa umepanda hatua tatu. Mama ana mkungu wa chane tisa, umeegemezewa nguzo. Mtoto ananifika begani. Nilifunua nyasi kidogo upande wa juu, nikaona ncha nyekundu ya mjukuu, ukubwa wa kidole gumba, nikayarudisha majani juu yake.